Donge la Manyoya kwa Paka: Lini ni Kawaida, Lini ni Hatari

Paka anakokomoka barazani usiku. Amejikunyata, shingo ameinyoosha, tumbo linajikaza na kulegea mara kadhaa, halafu kitu kinadondoka kwenye mkeka: kirefu, chembamba, kimelowa ute, na rangi yake ni ya paka mwenyewe. Asubuhi mwenye nyumba akiulizwa kulikuwa na nini, anajibu, "Ni manyoya tu." Mara nyingi anasema kweli. Tatizo ni kwamba jibu hilo hilo hutolewa pia kwa paka mwenye pumu, kwa paka aliyemeza uzi wa cherehani, kwa paka ambaye utumbo wake umeziba, na hata kwa paka aliyeambukizwa kichaa cha mbwa. Kwa mtu asiyejua, wote hao wanafanana. Paka anahangaika kama aliyekwamwa na kitu kooni.

Somo la toleo hili linamsaidia mkazi kutofautisha. Tunaanza na manyoya yenyewe, kwa sababu anayejua yanavyofika tumboni ataelewa kwa nini baadhi ya tiba zinazosifiwa mitaani hazisaidii, na nyingine zinaua.

Manyoya yanafikaje tumboni

Ulimi wa paka ukikugusa mkononi unakwaruza kama msasa. Umefunikwa na vijiba vidogo vigumu vilivyoelekea nyuma, upande wa kooni, na vimetengenezwa kwa kitu kilekile kinachotengeneza kucha zetu. Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha Georgia Tech, Marekani, walionyesha kwamba ncha za vijiba hivyo zina uwazi mdogo kama kijiko, unaobeba mate hadi kwenye ngozi. Kwa hiyo paka anapojilamba anajichana, anajiosha na kujipoza kwa wakati mmoja. Lakini kwa kuwa vijiba vimeelekea nyuma, unywele uliong'oka ni vigumu kwake kuutema. Anaumeza.

Manyoya hayasagiki tumboni. Mengi hupita polepole na kutoka na kinyesi bila mtu kujua. Yanayobaki hujisokota, hushikana kwa ute na mabaki ya chakula, na siku moja tumbo huyasukuma juu. Umio wa paka ni mwembamba, hivyo donge hubanwa likipita na kutoka likiwa na umbo la soseji ndogo. Ndiyo maana watu wengi wakilikuta sakafuni hudhani ni kinyesi na kumchapa paka bure.

Paka wadogo hawapati madonge sana kwa sababu bado hawajazoea kujilamba kwa bidii. Wakubwa hupata zaidi, na wenye manyoya marefu, kama paka wa Kiajemi tunaowaona siku hizi katika baadhi ya nyumba za Nyali na Kizingo, huwapita wote. Paka wetu wa kawaida wa Mji wa Kale na Likoni ana manyoya mafupi. Huyo akitapika donge mara moja kwa miezi, kisha akala, akanywa maji na kurukia ukuta kama kawaida yake, hakuna haja ya kukimbia kwa daktari.

Hesabu ikianza kupanda, ndipo tunauliza maswali. Paka wa manyoya mafupi anayetapika donge kila wiki, au ambaye zamani hakuwa hivyo na sasa amebadilika, ana moja kati ya mambo mawili: anameza manyoya mengi kuliko zamani, au tumbo na utumbo wake havisukumi vizuri. La pili linahitaji daktari. La kwanza, mara nyingi, chanzo chake ni kiumbe mdogo sana.

Kiroboto kwanza

Joto na unyevu wa Pwani vinamfaa kiroboto mwaka mzima. Paka mwenye viroboto huwashwa, akiwashwa hujilamba na kujitafuna, na kila anapojilamba anameza manyoya. Kuna paka ambao mate ya kiroboto huwadhuru zaidi kuliko wengine, kiasi kwamba kuumwa mara chache kunatosha kuwafanya wajilambe hadi mgongo karibu na mkia ukawa upara. Mwenye paka wa namna hii anaweza kuapa kwamba hajaona kiroboto hata mmoja, na asiwe mwongo. Paka amewameza wote pamoja na manyoya.

Kuna njia rahisi ya kuhakikisha. Mchane paka kwa chanuo lenye meno yaliyobanana, lile la kutolea chawa, juu ya karatasi nyeupe au kitambaa cheupe kilicholoweshwa. Ukiona chembe nyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, ziache kwenye unyevu dakika chache. Zikitoa rangi ya wekundu wa kutu, hizo ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya paka iliyokwisha kunyonywa. Zikibaki nyeusi, ni vumbi tu.

Hapa ndipo makosa mabaya zaidi hutokea. Mtu anakwenda duka la dawa za mifugo, anauliza dawa ya viroboto, anapewa ya mbwa, anampaka paka. Dawa nyingi za mbwa zina pamethrini, ambayo mwili wa paka hauwezi kuivunja. Paka huanza kutetemeka, kisha kupata degedege, na asipotibiwa haraka anaweza kufa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe na mbuzi nayo isimguse paka, hata ikichanganywa na maji mengi. Soma lebo: kama haikuandikwa wazi kwamba ni ya paka, usimpake. Dawa ya paka hupimwa kwa uzito wake, basi mpime kwanza. Panda mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe.

Kumtibu paka peke yake hakutoshi pia. Mayai ya kiroboto hudondoka anapolala paka. Fua vitambaa vyake kwa maji moto, anika mkeka na magodoro juani, fagia chini ya viti na kwenye pembe za nyumba. Kiroboto huyo huyo hubeba mnyoo aina ya tegu, ambao paka huupata kwa kummeza. Ukiona vipande mfano wa punje za mchele karibu na mkia wa paka wako, mweleze daktari, na usishangae akikupa dawa ya minyoo na ya viroboto kwa pamoja.

Paka anaweza kujilamba kupita kiasi bila kuwa na kiroboto. Chakula kinachomkataa, ukurutu, maumivu ya kibofu yanayomfanya arambe tumbo la chini, au hofu ya paka shume mgeni anayemvizia dirishani, yote hayo huleta matokeo yale yale.

Kumchana

Kila unywele unaobaki kwenye kitana ni unywele usioingia tumboni. Kwa kinga, hakuna jambo la gharama ndogo na faida kubwa kuliko hili. Paka wa manyoya mafupi mara moja au mbili kwa wiki inamtosha. Wa manyoya marefu anataka kila siku, hasa chini ya kwapa, nyuma ya masikio na kwenye mapaja, ambako manyoya hushikana yakawa kama sufu. Fundo lililokwisha kushikana usilikate kwa mkasi ukiwa umelivuta. Ngozi ya paka ni nyembamba na huinuka pamoja na fundo, na majeraha ya mkasi ni mengi kuliko watu wanavyodhani. Lifungue taratibu kwa vidole, au mpelekee mtaalamu alinyoe kwa mashine.

Paka asiyezoea kuchanwa mwanzie baada ya kula, akiwa amelegea. Dakika mbili zatosha. Akianza kupiga mkia, acha, mrudie kesho. Watoto wakifundishwa kazi hii huifanya vizuri, maadamu mtu mzima yuko karibu. Asiyekuwa na kitana anaweza kulowesha viganja vyake na kumpapasa paka kuanzia kichwani hadi mkiani. Manyoya yaliyolegea yatashika mikononi, na sehemu kubwa ya paka huona wanabembelezwa.

Chakula na maji

Asili ya paka ni mnyama wa nchi kavu. Hunywa maji kidogo, akitegemea kupata mengi kutoka kwa windo lake. Leo tunampa dagaa wakavu au chakula kikavu cha dukani, kisha tunashangaa choo kimekuwa kigumu na manyoya hayatoki. Walowesheni dagaa kwa maji kabla ya kumpa. Maji ya kunywa yabadilishwe kila siku, yawekwe kwenye bakuli pana mbali na chakula na mbali na mchanga wake wa kujisaidia.

Ugali uliochanganywa na mchuzi ndio chakula cha paka wengi wa kaunti hii, nasi hatuwezi kujifanya hatujui. Ugali peke yake haumtoshi kwa sababu paka ni mla nyama kwa umbile lake. Lakini kilicho kibaya zaidi ni mchuzi. Kitunguu maji na kitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Ukitaka kumgawia kitoweo, mtolee samaki wake kabla hujatia viungo, na uondoe miba.

Maziwa nayo, ambayo kila kitabu cha watoto humchora paka akiyanywa, huwaharisha wengi wao wakishakua.

Wapo wanaouliza kuhusu boga. Kijiko kimoja cha chai cha boga lililochemshwa na kupondwa, bila chumvi wala sukari wala tui, likichanganywa na chakula mara chache kwa wiki, humpa paka nyuzi zinazosaidia kusukuma manyoya kwenda chini. Baadhi ya paka hukataa katakata. Dukani kuna chakula maalumu cha paka chenye nyuzi zaidi kwa kazi hiyo hiyo, na kuna dawa laini ya kulainisha, kama jeli, ambayo hupakwa kwenye mguu wa mbele ili paka ailambe mwenyewe. Ile ya jeli tumia kwa ushauri wa daktari, si kila siku mwaka mzima.

Mafuta

Hili linastahili sehemu yake. Desturi ya kummiminia paka mafuta kinywani, yawe ya nazi, ya kupikia au yale ya kulainisha choo yanayouzwa katika maduka ya dawa, imeenea. Mafuta ya nazi na ya kupikia husagwa tumboni kama chakula kingine chochote, hivyo hayafiki kwenye donge yakiwa bado mafuta ya kuliteleza. Yakizidi huleta kuhara. Hayo ya maduka ya dawa hayasagwi, lakini hayana ladha wala harufu ya kumwashia paka hisia ya kumeza. Ukimshika kwa nguvu na kummiminia, yanateleza hadi mapafuni. Nimonia inayotokana na mafuta ni ngumu kutibu, na paka aliyekuwa na donge la manyoya tu anakufa kwa dawa.

Vivyo hivyo dawa za binadamu. Tembe ya parasetamoli, ile inayokaa katika kila droo ya nyumba zetu, ni sumu kwa paka. Nusu tembe ya miligramu 500 inaweza kumuua. Hakuna kipimo cha nyumbani kilicho salama.

Si manyoya

Sasa tufike kwenye yale yanayojificha nyuma ya jina la manyoya.

Pumu. Paka hujikunyata karibu na sakafu, shingo ameinyoosha mbele, anakohoa au kutoa sauti ya filimbi, kisha anameza mate na kunyamaza. Hakuna kinachotoka. Hili likirudi mara kwa mara, na kila mara hakuna donge, hilo ni tatizo la kifua. Moshi wa mkaa, udi, sigara na dawa ya mbu ya kuchoma humzidishia. Akipumua kwa kufungua mdomo, au fizi zake zikigeuka rangi ya bluu, ni dharura ya saa hiyo hiyo.

Uzi. Nyumba zenye cherehani na nyumba za wavuvi zisome hapa mara mbili. Paka hupenda kuchezea uzi, utepe, mshipi wa kuvulia, na ule mpira mwembamba wa nguo. Ulimi wake uliotajwa hapo juu haumruhusu kuutema. Mara nyingi ncha moja ya uzi hunasa chini ya ulimi au tumboni, na iliyobaki husonga mbele utumboni. Kila utumbo unapojikaza, hujikunja kwenye uzi kama suruali kwenye kamba yake, hadi uzi unaukata kama msumeno. Paka hutapika tena na tena, hali, anajificha chini ya kitanda. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma, usiuvute hata kidogo, kwani kuuvuta ndiko kunakokamilisha kukata utumbo. Mpeleke kwa daktari na uzi wake. Kama una sindano iliyopotea pamoja na uzi huo, mwambie.

Utumbo kuziba. Mara chache donge lenyewe la manyoya hukua na kukwama lisiweze kupanda wala kushuka. Dalili ni kutapika mara nyingi, kukataa chakula, tumbo kujaa na kuuma likiguswa, kukosa choo, kudhoofika. Hapo hakuna boga wala jeli itakayosaidia. Huenda akahitaji upasuaji. Paka asiyekula kwa siku nzima aangaliwe, na akifika siku mbili asisubiri tena, hata kama anaonekana ametulia. Paka, na hasa mnene, akikaa bila kula mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulijaza, na ugonjwa huo wa pili unaweza kumuua hata kama wa kwanza ulikuwa mdogo.

Ugonjwa wa tumbo. Paka anayetapika manyoya kila wiki miaka nenda miaka rudi, huku akipungua uzito, anaweza kuwa na uvimbe wa muda mrefu wa utumbo, figo zilizochoka, au tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, hasa akiwa mzee. Manyoya yanayoonekana sakafuni ni sehemu ndogo ya hadithi.

Kichaa cha mbwa. Huu ni nadra ukilinganisha na hayo mengine, lakini ndio pekee humu unaomuua binadamu. Paka aliyeambukizwa anaweza kushindwa kumeza, akatokwa na mate mengi, sauti ikabadilika, na kuonekana hasa kama aliyekwamwa na mfupa au donge. Mtu mwenye huruma humfungua mdomo na kutia kidole. Usifanye hivyo. Paka anayetokwa na mate, aliyebadilika tabia, akawa mkali ghafla au mpole ghafla, mfungie chumbani bila kumgusa na upige simu kwa afisa wa mifugo. Ukiumwa au kuparurwa na paka wa namna hiyo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitalini siku hiyo hiyo ukachanjwe. Dalili zikishaanza kwa binadamu, hakuna tiba. Kenya imejiwekea mwaka 2030 kuwa ukomo wa vifo vya kichaa cha mbwa, na paka naye huhitaji chanjo hiyo, si mbwa peke yake. Uliza afisa wa mifugo ratiba ya eneo lako.

Swali jingine huulizwa sana na kina mama wajawazito: je, donge la manyoya huambukiza? Ugonjwa wanaouogopa, toksoplasma, hupitia kinyesi cha paka. Hauletwi na manyoya wala matapishi. Kinyesi kipya hakiambukizi papo hapo. Vimelea huhitaji siku moja au zaidi nje ya mwili kabla ya kuwa hatari. Kwa hiyo mchanga wa paka usafishwe kila siku, na mtu mwingine asiye mjamzito. Donge la manyoya liokote kwa karatasi, litie kwenye taka, pangusa sakafu kwa maji na sabuni, nawa mikono.

Kumwona daktari

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeipa kila kaunti jukumu la udhibiti na ustawi wa wanyama. Katika Mombasa kaunti ndogo ni sita: Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita. Uliza katika ofisi ya mifugo iliyo karibu nawe. Anayekwenda kwa daktari binafsi ana haki ya kumwomba aonyeshe usajili wake kwa Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Muuza duka la dawa za mifugo, hata awe na uzoefu wa miaka mingi, si lazima awe daktari.

Mchukue paka katika kikapu chenye kifuniko au katoni yenye matundu, na kitambaa chake cha kulalia ndani. Paka wa mkononi huchomoka boda boda ikipiga honi, na wengi hawapatikani tena. Kama aliwahi kukokomoka ukiwepo, mrekodi kwa simu. Video ya nusu dakika humwambia daktari kama ni kukohoa au kutapika kuliko maelezo yako ya robo saa. Donge lenyewe lifunge kwenye mfuko wa nailoni au chupa uende nalo. Andika alikula nini mwisho na lini, alipata choo lini, dawa yoyote uliyompa au kumpaka hata kama unaona aibu kuitaja, na kama kuna uzi, sindano, ndoana au mshipi uliopotea nyumbani.